Jinsi ya kujipanga kwenye Mastodon, Bluesky na Nostr ili asiwepo mtu mmoja wa kukuzima

Mwaka wangu wa kwanza wa kusimamia seva ndogo ya Mastodon (mtandao wa kijamii unaoundwa na seva, yaani vituo, vingi vinavyozungumza, kila kimoja na msimamizi wake), mwanachama mmoja aliniandikia usiku wa manane: "Umenifuta kila mahali." Nikafungua akaunti yake nikaikuta nzima, machapisho yote yapo, hakuna aliyeigusa. Kumbe seva moja kubwa walikokuwa wafuasi wake wengi ilikuwa imeizuia seva yangu yote kwa sababu ya mwanachama mwingine kabisa, tapeli aliyekuwa akirusha matangazo ya uongo. Kosa lilikuwa langu, nilichelewa kumtoa. Aliyelipa ni yule asiyehusika.

Tangu hapo, kila anayeniomba nimfungulie akaunti nampa kwanza maelekezo haya. Nayaandika hapa ili nisiyarudie tena na tena. Na nianze kwa kuvunja ndoto: kwenye mitandao iliyogatuliwa, yaani iliyojengwa isitegemee seva moja, kama Mastodon, Bluesky na Nostr, wenye uwezo wa kufuta na kuzuia ni wengi kuliko kule ulikotoka, kwenye mitandao ya kampuni moja. Nafuu yako ni kwamba kila mmoja ana eneo lake, na maeneo hayo yana mipaka unayoweza kuijua mapema.

Hatua ya 1: Andika orodha ya wanaoweza kukuzima

Usiruke hatua hii hata kama una haraka. Chukua karatasi, andika kuanzia aliye karibu nawe hadi aliye mbali: msimamizi wa seva yako, wasimamizi wa seva nyingine, anayekodisha mashine ambamo seva inakaa, aliyesajili kikoa (jina la anwani ya mtandaoni, kama mfano.com), duka la programu za simu, na serikali. Mbele ya kila mmoja andika anachoweza kukufanyia.

Mifano ipo tele. Julai 2019 mtandao wa Gab, uliojulikana kwa wafuasi wa siasa kali za mrengo wa kulia, ulihamia kwenye programu ya Mastodon. Kwa kuwa ni programu huria, ambayo yeyote anaweza kuichukua na kuitumia, hata Eugen Rochko aliyeianzisha mwaka 2016 hakuwa na kitufe cha kuwakatalia. Kilichofuata ni kwamba wasimamizi wa seva nyingi waliizuia Gab, kila mmoja kwake, na baadhi ya watengenezaji wa programu za simu wakaifungia njia ya kuingia. Gab haikufa. Ilibaki ikizungumza na watu wake yenyewe. Hapo ndipo utaona kwamba haki ya kusema na haki ya kupelekewa wasikilizaji ni vitu viwili, na ugatuzi unalinda zaidi hicho cha kwanza.

Ukipanda juu kidogo unakuta kikoa. Seva ya queer.af ilitumia kikoa cha Afghanistan, na Februari 2024 mamlaka za Taliban zikakifuta. Mashine zilikuwa zima na msimamizi hakuwa na tatizo na mtu, lakini anwani ilitoweka, na Mastodon hairuhusu seva iliyokwisha kuanza kazi ibadilishe kikoa chake. Kwenye duka la programu, Februari 2023 Damus, programu ya Nostr ya iPhone, iliondolewa katika duka la Apple la China siku chache tu baada ya kuzinduliwa. Itifaki yenyewe (kanuni za mawasiliano za Nostr) haikuguswa, ila njia rahisi ya kuifikia ilizibwa.

Wa mwisho ni serikali, na mfano wa Bluesky unafundisha zaidi. Aprili 2025 kampuni hiyo ilificha baadhi ya akaunti kwa watumiaji walioko Uturuki baada ya maombi ya mamlaka za huko. Haikuzifuta. Ilizibandika lebo (alama za kuficha au kuonya) ambazo programu yake rasmi huzitii kulingana na mahali ulipo, na programu za watengenezaji wengine zisizotumia lebo hizo ziliendelea kuzionyesha. Agosti mwaka huohuo ikafunga huduma yake kwa wakazi wote wa jimbo la Mississippi, Marekani, ikisema haiwezi kutimiza sheria ya jimbo hilo ya kuthibitisha umri. Kwa hiyo kwenye karatasi yako weka mstari mwingine: *programu ninayosomea*. Watu husahau kwamba nayo ni mlango wenye bawabu.

Hatua ya 2: Soma ukurasa wa "Kuhusu" kabla ya kujisajili

Kila seva ya Mastodon ina ukurasa huo. Tafuta mambo matatu. Kwanza kanuni: zikiwa mistari miwili ya "tuwe na adabu", maana yake msimamizi ataamua kwa jinsi alivyoamka siku hiyo. Pili, orodha ya seva zilizowekewa vizuizi, ambayo wasimamizi wengi huiweka wazi. Isome kwa makini, kwa sababu vizuizi viko vya aina mbili na watu huvichanganya. Seva iliyobanwa huondolewa kwenye kurasa za umma, lakini anayemfuata mtu wa huko ataendelea kumwona. Iliyosimamishwa hukatwa kabisa, na uhusiano wa kufuatana kati ya watu wa pande mbili hukatika nao.

Tatu, uliza nani mwingine ana funguo za seva. Seva zinazoorodheshwa kwenye tovuti rasmi ya Mastodon huahidi kuweka nakala kila siku, kuwa na angalau mtu mwingine anayeweza kuingia wakati wa dharura, na kutoa taarifa ya miezi 3 kabla ya kufunga. Ni ahadi tu, hakuna wa kumkamata asiyeitimiza. Lakini asiyekubali hata kuahidi mimi simwamini.

Usichague seva kwa ukubwa. Seva kubwa mno haiwezi kusoma kila malalamiko kwa utulivu, na ndogo mno (kama yangu ilivyokuwa) inaweza kuzuiwa yote kwa kosa la mtu mmoja.

Hatua ya 3: Jina liwe lako

Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Ukitumia jina lililo chini ya kikoa cha mwingine, siku akikichukua unabaki hadharani.

Bluesky imelirahisisha hili kuliko wote. Ukiwa na kikoa chako, nenda kwenye mipangilio ya akaunti, chagua kubadilisha jina la mtumiaji, kisha chagua kutumia kikoa chako. Utapewa maandishi yanayoanza na `did=`. Ingia kwa msajili wa kikoa, ongeza rekodi ya aina ya TXT (maandishi mafupi yanayoambatana na kikoa) yenye jina `_atproto`, bandika maandishi hayo, subiri kidogo, kisha bonyeza thibitisha. Kuanzia hapo jina lako ni kikoa chako, na ukihamia seva nyingine jina linakwenda nawe.

Tahadhari moja: chini ya jina kuna kitambulisho cha kudumu, hicho kilichoanza na `did`, na kwa watu wengi kimesajiliwa katika orodha iliyoanzishwa na kampuni ya Bluesky yenyewe. Ugatuzi wa huko haujakamilika. Kama una ujuzi wa kutosha, ongeza ufunguo wako wa urejeshaji (msimbo wa siri wa kurudishia umiliki) kwenye kitambulisho hicho, ili uweze kuhama hata seva yako ikigoma kushirikiana.

Kwa Mastodon kupata jina lililo lako kabisa ni kuendesha seva yako mwenyewe, au kumlipa mtu akuendeshee kwenye kikoa chako. Ni kazi, na si kila mtu anaihitaji.

Hatua ya 4: Toa nakala leo, si siku ya kesi

Akiba haiozi. Kwenye Mastodon ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuingiza na kutoa data. Kuna mafungu mawili. Kumbukumbu kamili ya machapisho na picha unaweza kuiomba mara moja kila siku 7. Mafaili madogo ya orodha (unaowafuata, uliowazuia, uliowanyamazisha, seva ulizozizuia) unayapakua wakati wowote.

Sasa sikiliza vizuri: hakuna faili la kurudisha *wafuasi*. Orodha ya unaowafuata utaiingiza kwenye akaunti mpya na itafanya kazi. Wafuasi wako huhama kwa njia moja tu, ile ya hatua ya 5, na njia hiyo hufungwa akaunti yako ikishasimamishwa. Nimewaona watu wakiligundua hili wakiwa wamekwisha kufungiwa.

Kwenye Bluesky tafuta kipengele cha kutoa data yako ndani ya mipangilio ya akaunti. Utapata faili la aina ya CAR lenye machapisho, unaowafuata na vizuizi vyako. Picha na video hazimo, zihifadhi kando.

Hatua ya 5: Tengeneza akaunti ya akiba ukiwa huna ugomvi na mtu

Fungua akaunti ya pili ya Mastodon kwenye seva tofauti, yenye msimamizi tofauti na, ikiwezekana, iliyo katika nchi tofauti. Ndani ya hiyo mpya, kwenye mipangilio ya akaunti, chagua kuhamia kutoka akaunti nyingine na uandike anwani ya ile ya zamani. Hapo bado hujahama, umeweka daraja tu. Siku ukiona hali inachafuka, ingia kwenye akaunti ya zamani, chagua kuhamia akaunti nyingine, andika anwani mpya na nenosiri lako. Wafuasi watahamishwa wenyewe. Machapisho hayahami, na baada ya kuhama utasubiri siku 30 kabla ya kuhama tena, kwa hiyo usijaribu kwa mchezo.

Hatua ya 6: Nostr, kama hatari yako ni kubwa zaidi

Nostr, iliyoanza mwaka 2020, haina akaunti. Una jozi ya funguo: wa wazi unaoanza na `npub`, ndio anwani yako, na wa siri unaoanza na `nsec`, ndio wewe mwenyewe. Chapisho husainiwa kwa ufunguo wa siri na kutumwa kwenye seva zinazoitwa rilei. Rilei moja ikikukataa, nyingine inalipokea, na anayekufuata analiona mradi asome hata rilei moja mnayoshirikiana. Weka tano au sita zisizo za mtu mmoja.

Gharama yake ni hii: hakuna "nimesahau nenosiri". Ufunguo ukipotea, umepotea. Ukiibiwa, mwizi anasema kwa sauti yako na hakuna wa kumwondoa. Usiubandike `nsec` kwenye kila tovuti inayouomba, tumia kiendelezi cha kivinjari kinachosaini bila kuutoa nje. Na ukifuta chapisho, unachotuma ni ombi tu. Rilei inaweza kulitii au kulipuuza. Anayetaka uhuru wa kutofutwa ajue kwamba na yeye hatakuwa na hakika ya kufuta.

Hatua ya 7: Usiweke siri kwenye inboksi

Ujumbe binafsi wa Mastodon haujasimbwa, yaani haujafungwa kwa msimbo ambao wengine hawawezi kuusoma. Msimamizi wa seva yako na wa seva ya unayeandikiana naye wanaweza kuusoma wakitaka. Mei 2023 polisi wa upelelezi wa Marekani, FBI, walipekua nyumba ya msimamizi mmoja wa seva ya Kolektiva kwa jambo lisilohusu seva, wakachukua vifaa vyake, na ndani yake kulikuwa na nakala ya hifadhidata isiyosimbwa. Anayekulinda dhidi ya udhibiti si lazima aweze kukulinda dhidi ya upekuzi. Mambo mazito yapelekeni Signal, programu ya ujumbe uliosimbwa.

Jambo dogo ambalo huwashtua wageni: kwenye Bluesky orodha ya uliowazuia ni ya wazi, yeyote anaweza kuiona.

Hatua ya 8: Chuja kwako, usiombe wengine wafutwe

Hapa naongea kama msimamizi niliyechoka. Zaidi ya nusu ya malalamiko ninayopokea yangeisha kwa kitufe cha kunyamazisha. Mastodon inakuruhusu kuzuia mtu, kuzuia seva nzima kwa ajili yako peke yako, na kuchuja maneno kwa muda unaoutaka. Bluesky inakuruhusu kujiunga na watoa lebo mbalimbali (watu au vikundi wanaobandika lebo kwenye machapisho na akaunti), ukaamua kila lebo ifiche, ionye au ipuuzwe, ingawa lebo za kampuni yenyewe huwezi kuzikwepa ndani ya programu yake rasmi. Ripoti zitumie kwa vitisho, utapeli, kuanika taarifa za watu na unyanyasaji wa watoto. Hayo nayaondoa saa ileile na siombi radhi. Mtu aliyekukera kwa maoni yake mnyamazishe, ukalale.

Hatua ya 9: Ukiadhibiwa, fuata mpangilio huu

Kwanza jua ni nani aliyekuadhibu. Fungua wasifu wako bila kuingia kwenye akaunti. Ukionekana, seva yako haijakufuta. Kisha mwombe rafiki aliye kwenye seva nyingine akutafute, asipokupata tatizo liko kwenye seva yake. Angalia pia kwenye mipangilio yako: matoleo ya Mastodon kuanzia 4.3 hukuarifu seva inapokatwa, na hukupa orodha ya watu uliopotezana nao uipakue.

Kama ni msimamizi wako, kata rufaa kupitia fomu iliyo kwenye taarifa ya adhabu, ndani ya siku 20. Andika mistari minne: chapisho lipi, kanuni ipi, kwa nini unaona haihusiki, unaomba nini. Rufaa zenye matusi nimezisoma nyingi, na zote hunirahisishia kazi ya kukataa. Kama ni msimamizi wa seva nyingine, usimfuate wewe. Mwambie wako azungumze naye, sisi hujuana. Yule mwanachama wangu wa usiku wa manane aliunganishwa tena na wafuasi wake baada ya siku nne: nilimtoa tapeli, nikamwandikia msimamizi wa kule nikikiri kuchelewa, akatufungulia. Ila kukatwa kulikuwa kumevunja kufuatana kote, kwa hiyo ilimbidi kila mfuasi abonyeze upya kitufe cha kufuata. Karibu theluthi yao hawakurudi.