SOMO: Kumpangia shule na hela mtoto mwenye ulemavu, hatua kwa hatua (soma yote kabla hujauliza)

Habari zenu wapendwa. Naandika hii mara moja niiache hapa, maana wiki hii peke yake nimejibu watu tisa inbox swali lile lile, "mtoto wangu ana hali kama ya wako, naanzia wapi", na kila nikimjibu mmoja nasahau kitu nilichomwambia mwenzake. Mwanangu ana mtindio wa ubongo, sa hivi ana miaka 13, yuko darasa la tano, tunakaa Mbagala. Mi ni fundi cherehani, sio mwanasheria wala mtu wa benki. Haya ni niliyopitia mwenyewe na kufuatilia ofisi kwa ofisi.

HATUA YA 1. Cheti cha kuzaliwa. Nenda RITA, ofisi ya serikali ya vizazi na vifo, kama hana kifuatilie wiki hii.

HATUA YA 2. Vipimo. Kwa Dar ni CCBRT au Muhimbili, kichwa kikubwa na mgongo wazi ni MOI, taasisi ya mifupa pale pale Muhimbili, Kaskazini ni hospitali ya KCMC Moshi, Kanda ya Ziwa Bugando Mwanza. Usitoke hospitali na maneno ya mdomo. Omba taarifa yenye mhuri inayosema tatizo ni nini, mtoto anaweza nini na anahitaji msaada gani. Toa kopi tano uweke kwenye faili.

HATUA YA 3. Shule. Wengi mnaanzia kwa mwalimu mkuu wa shule ya karibu, anawaambia "huyu hatumuwezi", mnarudi nyumbani mnakaa. Anzia halmashauri, ulizia afisa anayeshughulikia elimu maalum, na uende mwezi wa tisa au wa kumi, usisubiri Januari wakati kila mtu amejazana mlangoni. Yeye ndo anajua shule ipi ina kitengo cha elimu maalum na mwalimu aliyesomea, na mtoto atapimwa ajulikane akae wapi. Uhuru Mchanganyiko, inayochukua watoto wa ulemavu tofauti, iko pale Kariakoo, viziwi kuna Buguruni, wenye ulemavu wa viungo kuna Matumaini ya Jeshi la Wokovu kule Kurasini, wasioona kuna Buigiri Dodoma na Irente kule Lushoto. Ila bweni sio lazima, mtoto wangu anatoka nyumbani.

Na msisubiri apone kwanza. Mi nilisubiri, kila mwaka nasema akitembea ndo nitampeleka, akaanza darasa la kwanza ana miaka 9. Ile miaka hairudi.

HATUA YA 4. Gharama za sasa. Shule za serikali ada hamna toka 2016, na 2022 wakaongeza mpaka kidato cha sita. Lakini ada haijawahi kuwa ndo mzigo wa mtoto wetu. Mzigo ni bajaji, nepi, dawa za degedege, fizio (mazoezi ya viungo), na dada wa kumsaidia. Bajaji yangu ni elfu 4 kwenda na kurudi, siku 20 za shule ni elfu 80 kwa mwezi kabla hajanywa hata uji. Andika kwenye daftari miezi mitatu mfululizo kila kinachotoka kwa ajili yake, ndo utajua unaweza kuweka shilingi ngapi. Usikisie.

HATUA YA 5. Hela ya kesho. Hapa naomba mtulie, hapa ndo niliumia.

2017 nilikuwa nimeshona yunifomu za shule mbili nikapata hela, nikanunua kiwanja kule Vikindu, milioni moja na laki nane. Nia yangu kiwe cha mwanangu, siku mi sipo kiuzwe au kijengwe chumba cha kupangisha apate matunzo. Mtu akaniambia mtoto haandikwi kwenye mauziano, andika ndugu unayemuamini. Nikamwandika kaka yangu. Na nilikuwa sahihi kumuamini, alikuwa anambeba mwanangu mgongoni kumpeleka kliniki mi nikiwa na kazi ya watu, sina neno naye mpaka leo. 2020 akafariki kwa ajali. Baada ya arobaini kikao cha ukoo kinakaa, wanaorodhesha mali za marehemu, na kile kiwanja kimo. Ile karatasi ya mauziano niliitunza kwenye mfuko wa nailoni chini ya mashine, nikaenda nayo, msimamizi wa mirathi akaisoma kwa sauti mbele ya watu: mnunuzi, jina la kaka yangu. Jina langu halipo, la mwanangu halipo, sahihi yangu haipo hata kwenye ushahidi maana siku ile nilibaki nyumbani na mtoto ana homa. Wifi yangu sio mtu mbaya, ana watoto watatu na karatasi inasema ni ya mume wake, ningekuwa mimi ningesema nini? Tuliishia kugawana nusu kwa nusu, na hiyo nusu nimeipata kwa sababu mjumbe alikumbuka ni mimi niliyehesabu zile hela.

Kwa hiyo:

Usiweke mali ya mtoto kwa jina la mtu mwingine bila maandishi, hata awe mama yako mzazi. Tatizo sio uaminifu, mtu mwaminifu na yeye anakufa na ana warithi wake.

Ukinunua ardhi, mauziano yaseme wewe ndo mnunuzi, unanunua kama msimamizi kwa niaba ya mtoto fulani, jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, na mwanasheria agonge mhuri. Uwepo mwenyewe siku ya kusaini. Mtoto akiwa na homa, ahirisha.

Hela ya mtoto usiiweke kwenye kikoba, kile kikundi cha kuweka na kukopeshana. Kikoba ni kizuri kwa mtaji na dharura, ila kikivunjika kinavunjika na vya wote. Mi sa hivi naweka UTT, taasisi ya serikali ya mifuko ya uwekezaji, wana Mfuko wa Watoto, unanunua vipande (sehemu ndogo ndogo za mfuko) kwa jina la mtoto wa chini ya miaka 18. Kuna mpango wa kukuza tu, na kuna wa ada unaoanza kutoa mtoto akifika miaka 12. Thamani ya kipande inaweza kupanda na kushuka kwa hiyo usiweke hela ya bajaji ya mwezi ujao, weka ile ambayo hutaigusa.

Halafu fikirieni miaka 18. Kama mtoto akili yake haitamruhusu kusimamia hela, siku anakuwa mtu mzima kisheria wewe huwezi tu kumsainia kama zamani. Itabidi mahakama iteue msimamizi wa mali zake. Muone mwanasheria akiwa na miaka 16 au 17.

HATUA YA 6. Wosia. RITA wanaandika na wanahifadhi. Kama unaandika mwenyewe, tafuta mashahidi wawili wanaojua kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo, na anayerithi asiwe shahidi. Mtaje mlezi na uwe umemuuliza akakubali. Ambatanisha karatasi ya maisha yake ya kila siku. Ya kwangu inasema anakula vitu laini, anakaa wima nusu saa baada ya kula la sivyo anapaliwa, dawa saa 2 asubuhi na saa 2 usiku, akigeuza uso ukutani maana yake anaumwa tumbo.

HATUA YA 7. Mitihani na baada ya shule. Mwalimu mkuu aonyeshe mahitaji ya mtoto wakati wa usajili wa darasa la saba. NECTA, baraza la mitihani, wanawaongezea muda wenye mahitaji maalum, dakika 20 kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kila saa masomo mengine, na kuna karatasi za maandishi makubwa na za nukta nundu. Akifika chuo kikuu, kwenye fomu ya bodi ya mikopo ulemavu unathibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Asiyeenda huko kuna chuo cha Yombo cha ufundi kwa wenye ulemavu. Na ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayotolewa mikopo, 2 ni ya watu wenye ulemavu, 4 wanawake, 4 vijana.

Maswali sasa.

—

Mzee wa Kazi: Sijasoma yote ni ndefu. Kwa kifupi niweke sh ngapi kwa mwezi?

Mama Cherehani: Hatua ya 4.

Mzee wa Kazi: Si useme tu namba

Mama Cherehani: Mtoto wako simjui, anatumia dawa gani sijui, unalipwa ngapi sijui. Daftari, miezi mitatu.

Bint Tanga: Dada asante sana, nimelia hapo kwa kaka. Wangu ana miaka 4, hasikii kabisa, tumepima. Watu wananiambia nisimfundishe ishara atakuwa mvivu wa kuongea. Nifanyeje wakati nasubiri umri wa shule?

Mama Cherehani: Bint Tanga usiwasikilize. Mtoto asiyesikia akikaa bila lugha mpaka miaka 7 anaingia darasani hana hata jina la kitu, mwalimu anaanza naye sifuri. Jirani yangu ana binti kiziwi, alikuwa anaenda naye kwa mama mmoja kiziwi anayeuza mboga pale sokoni, mtoto anakaa naye Jumamosi nzima wanaongea kwa mikono, na mama mtu akajifunza hapo hapo. Alivyoanza shule alikuwa anajua rangi, namba, majina ya nyumba nzima. Tafuta chama cha viziwi hapo Tanga uulize nani anafundisha wazazi. Na baba yake ajifunze pia, isije ikawa wewe ndo mkalimani wa nyumba maisha yako yote. Nitafute inbox muda wowote.

Kijana wa Temeke: Nina mdogo wangu ana usonji, naomba shule ya bweni haraka yoyote tu, hapa nyumbani tumechoka

Mama Cherehani: "Yoyote tu" sitakupa. Kuchoka nakuelewa, nimechoka miaka 13. Lakini mtoto wa usonji hapelekwi sehemu ambayo hakuna mtu wa nyumbani aliyelala hata usiku mmoja kuangalia wanavyolala na kula. Taarifa ya daktari mnayo? Halmashauri mmeenda?

Kijana wa Temeke: Bado

Mama Cherehani: Anzeni hapo, hatua ya 2 na ya 3. Ukishapata majina ya shule rudi hapa tuzungumze.

Abuu Salim: Assalaam alaykum mama. Sisi Waislamu hilo la wosia linakuwaje? Nataka huyu mwenye ulemavu apate zaidi ya wenzake.

Mama Cherehani: Wa alaykum salaam ndugu yangu, swali zuri. Mi ni Mkristo kwa hiyo nakwambia nilichoelezwa na mteja wangu ambaye mume wake ni sheikh: mrithi haandikiwi wosia, na wosia hauzidi theluthi ya mali. Njia waliyotumia wao ni hiba, unampa ukiwa hai na mzima, kinatoka mkononi mwako kabisa, na ndugu zake mnawakalisha wanajua sababu. Muulize sheikh wako na uandikishe.

Abuu Salim: Hiyo ya kuwakalisha ndugu zake ndo nilikuwa naikwepa. Nitafanya.

Mwalimu Iringa: Naongeza kidogo. Wenye watoto wenye ualbino, mwambieni mwalimu mtoto akae mbele mbali na dirisha, asipangwe kwa kufuata urefu. Na mafuta ya jua yanatengenezwa KCMC, ulizeni kliniki za ngozi.

Mama Cherehani: Asante mwalimu, hilo la dirisha sikulijua.

Mama Pacha: Samahani nje ya mada, mtoto wako anakaaje kwenye bajaji bila kuteleza? Wangu anaanguka mbele kila breki.

Mama Cherehani: Nilimshonea mkanda. Turubai upana wa kiganja, ndani godoro jembamba, unapita chini ya kwapa sio tumboni, nyuma unafunga kwenye chuma cha siti kwa kifungio cha begi. Katikati ya mapaja weka kipande kingine kinachopanda kuungana na wa kifua ndo kinazuia asichuruzike. Nipe kipimo cha kifua chake na upana wa siti, nitakuchorea.