SOMO: Shamba la kahawa limerudi "jekundu" kwenye ukaguzi wa msitu? Kagua faili kwanza

Wakuu, kila msimu naulizwa swali lilelile inbox: "Mnunuzi amerudisha faili la ramani, anasema mashamba yetu yako msituni, tufanyeje?" Naandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia huku.

Hili ni la makarani wa AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima) na vijana wanaopima mashamba, hasa huku kwetu Kigoma: Kalinzi, Matyazo, Buhigwe, Kasulu.

Msingi: sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023 inakataa kahawa iliyotoka kwenye ardhi iliyokuwa msitu ikafyekwa baada ya 31 Desemba 2020. Utekelezaji umeahirishwa mara mbili, na kwa kampuni kubwa na za kati sasa ni 30 Desemba 2026, ila wanunuzi wameshaanza kudai ramani. Shamba lisilozidi hekta 4 (kama eka 10) linaruhusiwa nukta moja ya GPS. Likizidi hapo, mzunguko mzima wa mpaka wake.

1. Tunza nakala ya faili kama lilivyorudi. Fanyia kazi nakala nyingine.

2. Hesabu tarakimu baada ya nukta ya desimali kwenye namba za mahali. Ziwe sita. Ukifungua kwa Excel ukasevu, zinaweza kukatwa bila wewe kujua.

3. Kwenye GeoJSON (aina ya faili la ramani anayotaka mnunuzi) longitudo (mashariki-magharibi) inatangulia, latitudo (kaskazini-kusini) inafuata. Kigoma mjini ni kama 29.63, -4.88. Ukizigeuza, shamba linatua jangwa la Sahara. Ukisahau alama ya kutoa, linatua Sudan Kusini.

4. Hapa soma polepole. Faili nyingi zinafia hapa, na mkulima analaumiwa bure.

Ramani zetu za zamani za serikali, na baadhi ya GPS za mkononi zilizorithiwa kwenye miradi, zimewekwa kwenye Arc 1960, mfumo wa zamani wa kuhesabu namba za mahali. Mnunuzi anataka WGS84, mfumo wa GPS wa siku hizi. Ukichukua namba za Arc 1960 ukaziita WGS84, kila shamba linahama kama mita 300 kuelekea kaskazini. Kwenye tambarare unaweza usione tofauti. Kwa milima ya Kalinzi, mita 300 zinakutoa kwenye kahawa zinakupeleka kwenye korongo lenye miti. Kuna chama orodha yake ilirudi nyekundu karibu yote kwa sababu hii tu, na watu walishaanza kumsaka "aliyefyeka msitu".

Halafu kuna kanda za UTM, yaani mikanda ya nyuzi sita sita ya longitudo, kila mmoja na namba zake za mita. Mstari wa longitudo nyuzi 30 unaupasua mkoa wetu. Kigoma mjini na Kalinzi ni kanda ya 35 Kusini, Kasulu mjini na Kibondo ni 36 Kusini, na Buhigwe iko jirani kabisa na mstari. Namba za Kasulu zikisomwa kama kanda ya 35, shamba linaangukia katikati ya Kongo.

ONYO: mashamba yote yakihama upande mmoja kwa umbali uleule, hilo ni kosa la mfumo, si la mkulima. Usiyavute kwa mkono kwenye kompyuta "yakae vizuri". Kwenye QGIS (programu ya ramani ya bure) taja kwanza mfumo wa asili wa data, ndipo ulisevu upya kama EPSG:4326, ndiyo namba ya WGS84. Na usibadilishe mara mbili! Faili ambalo mwenzako ameshalibadilisha, ukilibadilisha tena linahamia upande wa pili. Kisha hakiki kwa kitu kisichohama: kasimame kwenye kona ya shule au ghala la chama, pima, linganisha na picha ya satelaiti.

5. Safisha mizunguko. Iliyojikata kama namba nane, iliyoandikwa mara mbili, inayolaliana na ya jirani. QGIS ina kifaa cha kukagua, kitumie.

6. Sasa ndiyo upeleke kwenye Whisp, kifaa cha mtandaoni cha FAO cha kukagua kama shamba liko msituni. Inalinganisha ramani nyingi kwa pamoja, na jibu linaweza kuwa hatari ndogo, hatari kubwa, au taarifa zaidi zinahitajika. Kwetu utakutana sana na hilo la mwisho, maana kahawa iliyo chini ya migomba na migrivilea (miti ya kivuli) ukiiangalia kutoka juu ni msitu mtupu. Mzee akipunguza migrivilea au akikata kahawa kuukuu ichipue upya, satelaiti inasoma "miti imepotea". Kwa sheria ile, msitu ni eneo la zaidi ya nusu hekta, miti ya zaidi ya mita 5, kivuli cha zaidi ya asilimia 10, na ardhi isiwe ya kilimo. Hapo kwenye kilimo ndipo pa kujitetea.

Tafuta picha za satelaiti za Julai hadi Septemba 2020. Kiangazi miombo hupukutisha majani ikawa kahawia, kahawa na migomba vinabaki kijani. Ongeza picha ya shina nene la kahawa, rekodi za mauzo za kabla ya 2021, na barua ya serikali ya kijiji.

7. Kama kweli msitu ulifyekwa baada ya tarehe ile, tenga magunia yake. Ukiyachanganya umeuharibia mzigo wote.

---

karani_mpya: Mkuu, kwa kifupi, inaanza longitudo au latitudo?

Mwandishi: Hatua ya 3.

kijana_wa_kasulu: Si rahisi tu kusogeza mpaka kidogo ile nyekundu ikae nje?

Mwandishi: Huko ni kughushi. Picha ya satelaiti anayo mnunuzi pia, na kahawa inayovunwa nje ya mpaka uliochora utasema imetoka wapi? Usiniulize tena hilo.

kijana_wa_kasulu: Nimeuliza tu jamani.

Mnyamwezi wa Urambo: Sisi wa Tabora na tumbaku zetu inatuhusu? Na asali?

Mwandishi: Hazimo. Orodha ni ng'ombe, kakao, kahawa, michikichi, mpira, soya na mbao, pamoja na baadhi ya bidhaa zake. Lakini muulize mnunuzi wa tumbaku kuhusu kuni za kukaushia, huenda ana masharti yake ya miti. Urambo na Kaliua nanyi mko kanda ya 36, angalau mstari wa nyuzi 30 hauwagusi.

Mama Chikichi: Umetaja michikichi. Sisi mawese yetu yanaishia sokoni Kibirizi.

Mwandishi: Basi lala usingizi mama. Sheria inamgusa anayepeleka Ulaya.

Dada Mpimaji: Kaka, chini ya migomba simu inaniandikia usahihi wa mita 14, nikitoka barabarani inashuka hadi 4. Niandike ipi?

Mwandishi: Swali zuri sana dada. Usiandike ya mita 14. Majani na mteremko vinaziba satelaiti. Washa simu dakika chache mahali peupe kabla ya kuanza, kisha simama kila kona usubiri namba ishuke. Kwa shamba dogo, kona moja moja ni bora kuliko kurekodi ukitembea, maana ukitembea mstari unaruka ovyo. Ikigoma kabisa chukua nukta moja mahali peupe ndani ya shamba, chini ya hekta 4 inakubalika.

Dada Mpimaji: Asante. Na wazee wanaokataa kupimwa wakidhani ni kodi?

Mwandishi: Wana haki ya kuuliza. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa hiyo mweleze ramani inakwenda kwa nani na kwa nini, asaini kwa hiari. Mimi huwa nachapisha karatasi yenye ramani ya shamba lake nampa abaki nayo.

Dada Mpimaji: Kumbe! Ya rangi au nyeusi?

Mwandishi: Nyeusi inatosha. Ila andika majina ya majirani wa pande zote nne, ndicho anachokiangalia kwanza.