Kununua na Kutunza Riwaya za Kale za Doctor Who za Target

Kwa Waingereza waliokuwa watoto miaka ya 1970, riwaya za Target, vitabu vya jalada laini vilivyosimulia upya visa vya Doctor Who, tamthilia ya BBC ya kubuni ya kisayansi, zilikuwa karibu njia pekee ya kurudia kisa kilichokwisha pita kwenye televisheni. Mashine za kurekodi video zilikuwa za wachache, BBC ilirudia vipindi kwa nadra, na kanda nyingi za miaka ya 1960 ilikwisha zifuta. Terrance Dicks peke yake aliandika zaidi ya vitabu 60. Vilisomwa, vikaazimwa, vikatiwa mifukoni, kwa hiyo vingi vinavyouzwa leo vimechoka.

Kagua mgongo kwanza, kabla hata ya kutazama picha ya jalada. Vitabu hivi havikushonwa: kurasa zilikatwa zikabandikwa kwa gundi, na gundi hiyo ikizeeka hukauka na kukatika kama biskuti. Mwombe muuzaji picha mbili, moja ya mgongo na nyingine ya kitabu kikiwa kimefunguliwa katikati, kisipanuliwe kupita digrii 90. Mikunjo myeupe juu ya mgongo ni alama za kusomwa tu, isikutishe. Ila mkunjo ukiangukia pale pale penye ufa kwa ndani, kurasa zitaanza kutoka kwa mafungu. Wino wa kalamu wenye jina la mtoto aliyekimiliki haudhuru kitabu. Wengine hukipenda zaidi kwa ajili hiyo.

Kutambua chapa ya kwanza ndiko kunakowapoteza wengi. Target ilianza 1973 kwa kuchapa upya vitabu vitatu ambavyo kampuni ya Frederick Muller ilivitoa miaka ya 1960 kwa jalada gumu. Riwaya mpya zilifuata 1974. Kwa hiyo, kwa vile vitatu, nakala ya Target si toleo la kwanza hata kidogo. Fungua ukurasa wa hakimiliki usome mwaka wa mwisho ulioorodheshwa, si ule wa juu. Kisha linganisha na jalada. Nembo ya Doctor Who yenye herufi kama mirija ya taa za neoni ilianza kwenye televisheni 1980, hivyo riwaya ya 1975 yenye nembo hiyo ni chapa ya baadaye. Namba iliyo mgongoni nayo huwadanganya watu. Vitabu 73 vya mwanzo vilipewa namba miaka ya 1980, tena kwa kufuata alfabeti. Namba 1 ni The Abominable Snowmen kwa sababu inaanza na A, wala si kwamba ndicho kitabu cha zamani kuliko vyote. Majalada ya mchoraji Chris Achilleos, yenye vivuli vilivyojengwa kwa nukta ndogo ndogo za wino, ndiyo yanayogombaniwa sana, na kwa haki kabisa.

Kitabu kikifika, kinuse. Kikinuka ukungu, kitenge na vingine, kiache mahali pakavu penye hewa, kisha vaa barakoa ukipanguse nje kwa brashi laini. Usifute kwa kitambaa kibichi. Unyevu huamsha ukungu na kukunja karatasi. Ukishuku wadudu, kifunge ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, kiweke kwenye friza yenye nyuzi -20 kwa wiki moja, kisha usifungue mfuko mpaka zipite saa 24 nje ya friza. Ukifungua mapema, maji yatatanda juu ya karatasi yenye baridi.

Kibandiko cha bei kipashe moto kidogo kwa draya ya nywele, sekunde chache tu, ukikibandua polepole kutoka pembeni. Usielekeze moto kwenye mgongo, maana gundi huweza kulegea.

Ukurasa ukitoka, usitumie selotepu. Baada ya miaka hugeuka kahawia na kuacha doa lisilotoka. Chukua gundi nyeupe ya PVA, pakaa uzi mwembamba usiozidi milimita 2 kwenye ukingo wa ndani wa ukurasa, usukume hadi mwisho, weka karatasi ya kuokea kila upande ili gundi isishike kurasa jirani, kisha kandamiza kwa vitabu vizito usiku kucha.

Umanjano wa kurasa hauondoki. Karatasi ni ya bei rahisi, ina asidi ndani yake, na mwanga na joto huuharakisha umanjano huo. Visimamishe wima, visibanane, mbali na dirisha, kila kimoja katika mfuko wa polipropilini, aina ya plastiki. Mifuko ya PVC hutoa kemikali na kung'ang'ania jalada. Anayeishi mwambao, kama Mombasa, Tanga au Unguja, aviweke ndani ya sanduku lenye mfuniko pamoja na pakiti za silika jeli, chembe zinazofyonza unyevu, na azibadilishe pakiti hizo kabla ya masika kuanza.