Kuunga hatua kwa monadi: Haskell, Scala, F# na OCaml

Programu yangu ya wanunuzi wa zabibu hapa Dodoma hutafuta mkulima kwa namba ya simu, kisha shamba lake, kisha bei. Hatua yoyote yaweza kurudi mikono mitupu. Usirundike if; tumia monadi, ambayo hapa ni namna ya kuunga hatua ambazo kila moja yaweza kukosa jibu. Kwenye lugha ya Haskell kila hatua irudishe Maybe (ama jibu, Just, ama utupu, Nothing), halafu ziunge:

tafutaMkulima simu >>= shamba >>= bei

Ikitokea Nothing, zinazofuata hazitekelezwi. Kwenye Scala, Maybe huitwa Option, na kiungo ni flatMap. F# ni Option.bind. OCaml, tangu toleo la 4.08, unajiwekea kiungo mwenyewe, let*:

let ( let* ) = Option.bind

Naipenda kuliko zote, inasomeka kama msimbo wa kawaida. Ila usitumie map (inayobadilisha tu thamani iliyo ndani ya Option) pale hatua inaporudisha Option yenyewe: utapata Option ndani ya Option, na kikokotoo cha bei kitaikataa.