SOMO: Kumuuguza kasuku aliyezibwa njia ya hewa, akisharudi nyumbani

Wakuu, heshima kwenu. Naandika hili mara moja kwa ukamilifu kwa sababu kila wiki ujumbe ni ule ule: kasuku wangu alipaliwa na mbegu, daktari kaitoa, sasa nifanyeje? Kuanzia leo atakayeniuliza nitamrudisha hapa. Somo hili ni la ndege aliyekwisha kutibiwa. Kama wa kwako muda huu anahema mdomo wazi na mkia unapanda na kushuka kwa kila pumzi, acha kusoma, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Shikeni jambo moja kabla ya yote: ndege aliyerudi nyumbani anapumua hajapona bado. Kwa binadamu, pete za bomba la hewa zimeachwa wazi kwa nyuma, umbo la herufi C. Za ndege ni duara kamili. Uvimbe wa ndani hauna pa kwenda isipokuwa katikati, pale pale hewa inapopita. Halafu kovu linaweza kuibana njia wiki moja, mbili au hata zaidi baada ya kitu kutolewa, wakati mwenye ndege keshajisahau na dawa keshaziacha. Hatua zote hapa chini ni kwa ajili ya kipindi hicho.

Hatua ya 1: Tundu.
Dogo, kijiti kimoja cha chini, chakula na maji mbele yake asipande asirukeruke. Chini tandika magazeti. Maranda na mchanga vina vumbi, ondoa.

Hatua ya 2: Hewa ya nyumba.
Najua nyumba zetu za Dar. Jiko la mkaa kibarazani, dawa ya mbu ya kuchoma chini ya kitanda, dawa ya kupuliza jioni, na Ijumaa chetezo cha udi kinapita chumba hadi chumba. Vyote hivi vinakoma chumba anachokaa mgonjwa, na chumba cha jirani yake pia kama mlango haufungi vizuri. Mapafu ya ndege yameungana na vifuko vya hewa tisa vilivyotawanyika mwilini hadi kwenye baadhi ya mifupa, na hewa inapita kwenye mapafu yake akivuta pumzi na akiitoa. Ndiyo maana moshi unaokukohoza wewe kidogo tu unaweza kumuua yeye. Kikaango kisichogandisha, kile cha Teflon, kikisahauliwa motoni kikapata joto kupita kiasi kinatoa hewa ya sumu inayoua kasuku ndani ya dakika chache, hata aliye mzima. Chapati zipikwe kwenye chuma.

Feni isimpulize usoni. Kiyoyozi kinakausha hewa, na ute kwenye koo lililojeruhiwa ukikauka unaganda na kuziba upya.

Hatua ya 3: Joto.
Ndege mgonjwa anahitaji nyuzi 27 hadi 30. Januari na Februari Dar tayari ina joto hilo na zaidi, kwa hiyo mambo ya taa hamna. Kazi yako ni kivuli na dirisha. Kipupwe, Juni hadi Agosti, usiku ukishuka karibu na nyuzi 20, weka taa nje ya tundu upande mmoja tu, ili akiona joto asogee upande wa pili. Umeme ukikatika, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kanga pembeni ya tundu inatosha. Angalieni hapa: kasuku hatoi jasho. Akizidiwa na joto anaachanisha mabawa na kuhema mdomo wazi, na mtu anadhani njia imeziba tena. Mpeleke penye ubaridi kwanza. Asipotulia baada ya dakika chache, hilo si joto.

Hatua ya 4: Dawa ya maji mdomoni.
Hapa someni polepole. Hatua hii niliiharibu mara ya kwanza na ndege akarudishwa kwa daktari usiku.

Ndege hana kiwambo kama chetu kinachovuta hewa kutoka chini ya mbavu. Anapumua kwa kidari kusogea mbele na nyuma. Ukimshika ukambana kifua, hata kwa upendo, umemziba pumzi, na huyu ndiye uliyemtoa kwenye kuzibwa jana. Mfunge taulo jepesi kwenye mabawa, mshike kichwa pande mbili chini ya taya, kifua kiwe huru kabisa. Awe wima, kamwe asilazwe chali. Kitundu cha hewa kiko wazi kwenye shina la ulimi, utakiona kikifunguka na kufumba akihema. Njia ya chakula inapita upande wa kulia wa shingo yake. Kwa hiyo bomba la sindano (bila sindano!) liingie kona ya kushoto ya mdomo wake, lielekee kulia. Toa tone, ngoja ameze, toa tone. Usisukume kwa mkupuo hata kama dawa ni kidogo, kwa sababu akivuta pumzi muda huo inaingia kwenye mapafu.

Akianza kufumba macho, kulegea shingo au kuhema kwa sauti, MWACHIE. Mrudishe tunduni, zima taa, ondoka. Dozi iliyochelewa nusu saa haina madhara makubwa. Na kila kitu kiwe tayari mezani kabla hujamgusa: dawa imeshavutwa, taulo limekunjuliwa, watoto wako nje. Muda wa kumshika uhesabike kwa sekunde.

Kama anapenda kitu kitamu, muulize daktari kama dawa hiyo inaweza kuchanganywa na papai au tone moja la uji. Wengi wanakubali, na taulo unaliweka kando kabisa.

Hatua ya 5: Chakula.
Laini na chenye unyevu: viazi lishe vya kuchemsha, boga, papai, ndizi, yai lililochemshwa, mchicha uliochovywa maji ya moto. Hakuna ulezi, uwele, alizeti wala karanga mpaka daktari aruhusu. Maganda mepesi ndiyo yanayovutwa. Parachichi ni sumu kwa kasuku, leo na siku zote.

Hatua ya 6: Mzani.
Mzani wa jikoni wa gramu, kila asubuhi kabla hajala, andika. Kasuku wa kijivu wengi wana gramu 400 hadi 500. Akipoteza sehemu moja ya kumi ya uzito wake, rudi kwa daktari siku hiyo hiyo.

Hatua ya 7: Hesabu pumzi.
Akiwa ametulia, wewe uko mbali, hesabu kwa dakika nzima na uandike pembeni ya uzito. Kasuku wa kijivu aliyetulia mara nyingi yuko kwenye 25 hadi 30 hivi, ila muhimu ni namba ya kwako. Ukimshika itapanda, kisha irudi ndani ya dakika tatu hadi tano. Isiporudi, kuna kitu. Usiku nyumba ikinyamaza, sogeza sikio: ukisikia mlio mdogo kama kalamu ya kubofya, tk, tk, kwa kila pumzi, au mluzi mwembamba, hata kama anakula na kucheza, njia imeanza kubana. Usingoje, rudi kwa daktari.

Hatua ya 8: Usingizi. Alale jumla ya saa 10 hadi 12 kila usiku, gizani, bila televisheni.

Wenye ndege waliowekewa mrija ubavuni: huo unapitisha hewa moja kwa moja kwenye kifuko cha hewa, na kwa kawaida hukaa siku chache tu. Usimfunike nguo, usimwogeshe, na asubuhi na jioni shika unyoya laini mbele ya mrija. Usipotikisika, mrija umeziba na hiyo ni dharura. Usiuchokonoe.

Maswali karibuni.

MAMA NAILA: Asante sana kaka. Wangu karudi jana ila chakula laini anakikataa, nimpe alizeti kidogo tu aamshe hamu?

Mwandishi: Hapana dada, hatua ya 5. Jaribu viazi lishe vya vuguvugu, na ule mbele yake. Kasuku huiga. Kama leo nzima hajaweka kitu tumboni, jioni usilale, mrudishe kwa daktari.

KIBO_TABATA: Somo refu mkuu. Kwa kifupi nimpe oxytetracycline ya unga ile ya kuku kwenye maji?

Mwandishi: Hapana. Dawa aliyoandika daktari wako tu.

KIBO_TABATA: Mbona ya kuku inasaidia mafua? Unajifanya daktari sasa.

Mwandishi: Sijasema popote kuwa mimi ni daktari, na ndiyo sababu nimekuambia umrudie wa kwako. Wako hana mafua, alizibwa na kitu. Tena ndege mgonjwa anakunywa maji kidogo na yakiwa machungu hayagusi, hivyo hujui kaingiza dozi gani.

BI RUKIA: Mwanangu, hapa kwetu Magomeni tunajifukiza nyungu ya mwarobaini na mchaichai, kifua kinafunguka. Naye nikimfunika na chungu kidogo?

Mwandishi: Shikamoo bibi. Kwake hapana. Mvuke wa chungu ni wa moto na unaunguza koo, na mafuta ya majani hayo ni makali kwa vifuko vyake vya hewa. Vicks pia hapana. Daktari akiona anahitaji unyevu atamwandikia nebulaiza, ile inatoa ukungu wa baridi mwembamba unaofika ndani. Ukitaka kumsaidia kwa unyevu wa kawaida, kaa naye bafuni dakika 10 baada ya mtu kuoga maji ya moto, mlango umefungwa, tundu mbali na maji.

BI RUKIA: Marahaba mwanangu. Hilo la bafuni nitalifanya.

SUA_MWAKA3: Mkuu nasomea udaktari wa mifugo Morogoro, nina swali la kujifunza. Kwa nini wengi wanapoteza sauti? Na kama ana mrija ubavuni sauti inakwenda wapi?

Mwandishi: Swali zuri sana. Sauti ya kasuku haitoki juu kooni kama yetu. Inatoka chini kabisa, bomba la hewa linapogawanyika kuelekea mapafu mawili, kwenye sirinksi. Pale ndipo penye wembamba, kwa hiyo mbegu iliyovutwa mara nyingi hukwama hapo au karibu yake, na ukungu wa Aspergillus (aina ya kuvu, si ule wa nebulaiza) nao hupenda kujenga uvimbe hapo hapo. Akiwa na mrija, hewa inatokea ubavuni bila kupita sirinksi ipasavyo, basi anafungua mdomo na hakuna kitu, au sauti hafifu. Hiyo isiwatishe. Ila kasuku asiye na mrija, aliyekuwa akiita jina lako vizuri, sasa sauti imekuwa nzito au imekatika, mara nyingi hiyo ndiyo dalili ya kwanza kabla hata ya kuhema. Ukianza kazi, waulize wateja kuhusu sauti. Wengi hawasemi wasipoulizwa.

SUA_MWAKA3: Na ukungu ukithibitishwa?

Mwandishi: Utakutana na itrakonazoli, dawa ya kuua kuvu. Kwa kasuku wa kijivu dawa hiyo ina historia mbaya, wanadhurika nayo kuliko kasuku wengine, na madaktari wengi wa ndege hupendelea vorikonazoli. Wenye ndege wengine mnaosoma hapa: mkienda kwa daktari aliyezoea ng'ombe na mbwa, mkumbusheni kwa adabu kwamba huyu ni kasuku wa kijivu. Hatachukia. Na angalieni chakula kilichomfikisha hapo. Ndege wa alizeti tupu anakosa vitamini A, utando wa koo unakauka na kuwa mgumu, na ukungu unapata pa kushika. Karoti, viazi lishe, boga na tone la mawese vinasaidia sana.

JUMA_KIGAMBONI: Kasuku nampata wapi, bei gani?

Mwandishi: Si mada. Na kasuku wa kijivu yuko Kiambatisho cha Kwanza cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini) tangu 2017, biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini ni marufuku. Hapa nchini kuna Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, anza na kibali.

FATMA_UPANGA: Naongeza kuhusu mbu. Sisi tuliacha dawa za kuchoma, tunafunika tundu kwa chandarua usiku.

Mwandishi: Safi sana dada Fatma. Kiwe chandarua kisicho na dawa, kisimame mbali na nyaya za tundu asikifikie kwa mdomo. Nyuzi akizimeza zinafunga gole.

FATMA_UPANGA: Sawa, tumekitundika darini. Na mzani je? Wangu anauogopa, hapandi.

Mwandishi: Funga kijiti chake alichokizoea juu ya mzani, kisha uubonyeze sifuri. Siku za kwanza uache tu karibu na tundu umezimwa, mpe papai akiwa anautazama. Usimlazimishe sasa hivi, kila purukushani ni pumzi anayoihitaji. Akikataa kabisa, mpime ndani ya tundu dogo la kubebea, kisha toa uzito wa tundu.

MAMA NAILA: Kaka kala viazi lishe! Kidogo lakini kala. Karanga nitamrudishia lini?

Mwandishi: Alhamdulillah. Karanga mpaka daktari amtazame tena na sauti iwe ya kawaida. Siku hiyo ikifika, nunua chache chache, zilizomenywa, uzikague kwa mkono. Unyevu wa Dar unazitia ukungu ndani ya ganda bila kuonekana kwa nje, na ukungu huo huo ndio tunaoukimbia. Iliyosinyaa, yenye doa au harufu ya uvundo, tupa mfuko mzima.