Bekapu ya mashine pepe ikikwama kwenye njia mbili za hifadhi

Bekapu ikianza kwa kasi kisha ikaganda, usikimbilie kulaumu programu ya bekapu. Kwenye ESXi (mfumo wa VMware unaoendesha mashine pepe) inayotumia iSCSI (hifadhi inayofikiwa kupitia mtandao), anza na njia zenyewe:

esxcli storage core path list

Njia yoyote inayosomeka "dead", kagua kwanza kebo na poti ya swichi.

Zote zikiwa hai, pima ukubwa wa pakiti, kila njia peke yake, kwa anwani ya hifadhi yako:

vmkping -I vmk1 -d -s 8972 10.10.1.20

Rudia kwa vmk2 (vmk ni poti pepe ya mtandao ya ESXi). Alama -d inazuia pakiti isigawanywe. Namba 8972 ni MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) 9000 ukitoa baiti 28 za vichwa vya IP na ICMP. Ping ya kawaida, yenye pakiti ndogo, hupita hata swichi ikiwa imebaki MTU 1500, ndiyo maana kosa hili hujificha: kuunganisha kunafanikiwa, data nzito inakwama. Rekebisha MTU iwe sawa kote: vmk, swichi pepe, swichi halisi na hifadhi.

Halafu sera ya kuchagua njia:

esxcli storage nmp device list

VMW_PSP_FIXED hutumia njia moja, nyingine inakaa bure. Mtengenezaji wa hifadhi akiruhusu, weka VMW_PSP_RR, inayotumia njia kwa zamu. Ukiunganisha vmk na iSCSI (port binding), iachie kila vmk kadi moja tu ya mtandao iliyo hai. Kadi ya pili iwe Unused (haitumiki), si Standby (akiba).