Kuweka Sakafu ya Mwaloni Juu ya Zege Lisilo Sawa

Mwaloni hauoti kwetu. Mbao zake hutoka Ulaya na Marekani, na hufika Kisumu zikiwa zimekaushwa kwenye tanuri hadi unyevu wa asilimia 8 hadi 12 hivi. Mteja aliyelipia mzigo wa namna hiyo hutamani kumwona fundi akipigilia siku ile ile, lakini sehemu kubwa ya kazi iko chini ya mbao, kwenye zege ambalo aliyelimwaga hakujua kwamba siku moja litabeba mwaloni. Mwongozo huu unahusu mbao nzima za unene wa mm 20 na upana wa mm 120, zenye ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, zikiwekwa juu ya papi, yaani vipande virefu vyembamba vya mbao vinavyofungwa kwenye zege, katika vyumba vya chini.

Hatua ya 1: Unyevu kwanza, usawa baadaye

Skridi mpya, yaani tabaka la saruji na mchanga linalomwagwa juu ya zege, hukauka kwa kasi ya takriban mm 1 kwa siku katika mm 50 za kwanza, na ikizidi unene huo huchelewa zaidi. Hesabu hiyo ni ya hewa kavu, nasi kati ya Machi na Mei hatuna hewa kavu. Bandika kipande cha nailoni angavu cha mita 1 kwa mita 1, ziba kingo zake zote kwa utepe, kisha ukiache siku tatu. Ukikuta matone au zege lililobadilika rangi na kuwa jeusi, subiri. Kukosekana kwa matone hakutoshi kukupa uhakika, kwa hiyo tumia pia haigromita, kifaa cha kupima unyevu wa hewa, iliyofunikwa vizuri juu ya zege, na usiendelee kabla haijasoma chini ya asilimia 75.

Mimi nilijifunza haya kwa hasara. Katika nyumba moja karibu na ziwa niliipapasa skridi kwa kiganja, nikaiona kavu, nikaweka mbao. Mvua za Aprili zilipokolea, kingo za kila ubao ziliinuka na katikati pakabonyea kama mfereji, nikalazimika kung'oa sakafu yote kwa gharama yangu. Ubao wa mm 120 ukiongezeka unyevu kwa asilimia 4 hutanuka zaidi ya mm 1. Chumba cha upana wa mita 4 kina mbao kama 33, na hakuna nafasi ya ukutani inayoweza kumeza mtanuko huo wote.

Hatua ya 2: Tafuta vilima na mabonde

Fagia zege, kisha ilaze fimbo nyoofu ya aluminiamu ya mita 2 pande zote, ukiizungusha pia kwa mshazari. Kilima kizungushie chaki, na katika bonde andika kina chake kwa milimita. Kwa chumba kizima tumia mpira mwangavu uliojazwa maji pamoja na uzi, kwa sababu pima maji fupi haioni mteremko wa ukuta hadi ukuta. Maeneo ya udongo mweusi, kama tambarare za Kano karibu na Kisumu, yanahitaji jicho la ziada: udongo huo hufura wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi, na ufa unaopita zege lote huku upande mmoja umeshuka si kazi ya fundi wa mbao. Aitwe fundi wa mjengo kwanza.

Vilima viondoe kwa grenda yenye kikombe cha almasi, nawe uvae barakoa. Mabonde usiyajaze kwa tabaka jembamba la saruji na mchanga, maana litapasuka na kubanduka, papi zitayavuka.

Hatua ya 3: Milango

Papi za mm 50 na mbao za mm 20 huinua sakafu kwa mm 70. Pima milango na kidato cha kwanza cha ngazi kabla ya kununua chochote.

Hatua ya 4: Kizuizi cha maji na papi

Paka zege rangi ya lami mara mbili, kisha tandaza nailoni nzito ya geji 1000 (unene wa mm 0.25 hivi), ukiipandisha ukutani na kupishanisha maungio kwa mm 200. Papi ziwe kavu na zimetiwa dawa ya mchwa. Zipange kukingama na mwelekeo wa mbao, mm 300 kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine.

Anzia mahali pa juu kabisa. Papi ya hapo ndiyo kipimo cha nyingine zote, ambazo utaziinua kwa vipande vya plaiwudi vilivyokaa imara kila mm 300. Katoni iliyokunjwa hubonyea baada ya miezi michache, na sakafu huanza kulia kila ikikanyagwa. Funga papi kwa skrubu na plagi za plastiki, na kila tundu linalotoboa nailoni lizibe kwa silikoni. Ukimaliza, fimbo ya mita 2 isionyeshe tofauti inayozidi mm 3.

Hatua ya 5: Mbao

Ziache mbao katika chumba chenyewe, madirisha yakiwa tayari yamewekwa vioo, kwa wiki mbili juu ya vijiti vinavyopitisha hewa. Nunua asilimia 10 zaidi ya eneo la chumba. Kisha acha nafasi ya mm 15 kila ukuta, funga mstari wa kwanza kwa skrubu kutoka juu na uzibe matundu kwa vizibo vya mwaloni. Mistari inayofuata pigilia misumari ya mm 50 kupitia ulimi, kwa pembe ya digrii 45, kwenye kila papi. Toboa kwanza kwa drili, kwani mwaloni ni mgumu na ulimi hupasuka upesi. Ncha za mbao zikutane juu ya papi, na maungio ya mistari jirani yaachane kwa angalau mm 300.

Piga msasa, usitumie sufi ya chuma: chembe zake zikikutana na maji, tanini, kemikali ya asili iliyomo ndani ya mwaloni, huzigeuza madoa meusi. Paka mafuta au vanishi, kisha pigilia skatingi, ubao mwembamba wa kuficha nafasi ya pembeni, ukutani, kamwe si kwenye sakafu, ili mbao zibaki huru kutembea chini yake.